Chenga za Kunasa Seleni: Mzigo Mpya na Mzigo Uliotumika

Msafirishaji wa Dzaleka au Lilongwe anayepanda kaskazini kuelekea mpaka wa Songwe hupita wilaya ya Karonga, uliko mgodi wa urani wa Kayelekera, uliosimama mwaka 2014 na kuanza tena kuzalisha mwaka 2025. Migodi, viwanda na mitambo ya nyuklia hulazimika kusafisha maji taka, na miongoni mwa sumu zinazoweza kuwamo ni seleni. Ajabu ni kwamba mwili unaihitaji kidogo, na mahindi ya sehemu nyingi za Malawi yana upungufu wake. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 0.04 kwa lita.

Kinachonunuliwa ni chenga zinazoishika sumu juu ya uso wake, kama za oksidi ya chuma au alumina. Makaa ya chujio peke yake huinasa kidogo. Selenaiti hunaswa na oksidi ya chuma kwa urahisi. Selenati huteleza, hasa maji yakiwa na salfeti nyingi. Usiagize hata tani moja kabla mteja hajakupa majibu ya maabara yanayotaja zote mbili.

Chenga mpya ni bidhaa. Zilizotumika ni taka. Mkataba wa Basel unaorodhesha seleni na misombo yake kwa alama Y25, na taka hatari haivuki Songwe bila idhini ya maandishi iliyotangulia. Zikiwa na mionzi, ruhusa hutafutwa kwa mamlaka za atomiki za nchi zote mbili. Ukipewa magunia ya “mchanga wa chujio” urudi nayo, dai karatasi kabla ya kupakia.