Mfuko wa kitambaa: marufuku iliufungulia mlango, plastiki ikapita

Kila inapofika Juni 1, Tanzania hutimiza mwaka mwingine tangu mfuko wa nailoni uondolewe sokoni. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alitangaza marufuku yake bungeni Dodoma Aprili 9, 2019, na wananchi wakapewa chini ya miezi miwili kujiandaa. Kanuni zilizofuata zilikuwa kali. Mtengenezaji au mwagizaji angetozwa faini ya kuanzia Sh milioni 20 hadi Sh bilioni 1, au kifungo kisichozidi miaka miwili. Aliyekutwa anautumia tu, hata kama amebebea fungu la mchicha, angelipa kati ya Sh 30,000 na Sh 200,000, au kulala mahabusu hadi siku saba. Watalii nao walionywa kabla ya kupanda ndege.

Mfuko mweusi ukatoweka mikononi mwa watu kwa kasi ambayo wengi hawakuitarajia. Habari ya kuondoka kwake imeandikwa sana. Habari ya kilichoziba pengo lake haijaandikwa vya kutosha, na ndiyo inayouma, kwa sababu nchi hii ilikuwa na kila kitu cha kuliziba: pamba, katani, ukindu, na fundi cherehani karibu kila mtaa.

Kabla ya nailoni, mtu hakwenda sokoni mikono mitupu. Pwani kulikuwa na kikapu cha miyaa: majani yanaanikwa, yanachanwa, yanasukwa ukili mrefu, kisha ukili huo unashonwa kwa kuzungushwa kuanzia kitakoni hadi mdomoni. Iringa walisuka vyao kwa milulu. Nazi zilisafiri kwenye pakacha, nyama ilifungwa kwa gazeti kuukuu, na sukari ya robo ilipimwa kwenye karatasi iliyokunjwa. Mzigo mkubwa ulikuwa wa gunia.

Kitambaa nacho kina historia ndefu hapa. Baada ya mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said mwaka 1833, meli za Salem, Massachusetts, zilishusha Unguja marobota ya pamba isiyopaushwa ambayo watu waliiita marekani, na jina hilo likabaki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipokausha bidhaa hiyo, wafanyabiashara wa Uingereza na India wakajaza nafasi. Misafara ya bara ilibeba marekani na kaniki badala ya fedha. Mpelelezi Stanley alipoondoka Bagamoyo mwaka 1871, vitambaa vilikuwa sehemu kubwa ya mzigo wa wapagazi wake. Baada ya uhuru vikaja viwanda vyetu wenyewe, Urafiki pale Ubungo ukifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Marekani ileile, nene na ngumu kuchanika, bado ndiyo kitambaa kinachofaa kuliko vyote kwa mfuko wa kubebea unga na viazi.

Mfuko wa plastiki wenye vishikio, kama tunavyoujua, ni kazi ya mhandisi wa Sweden, Sten Gustaf Thulin, wa kampuni ya Celloplast, iliyopata hataza yake Marekani mwaka 1965. Mwanawe ameeleza kwamba mzee huyo alikuwa na desturi ya kutembea na mfuko mmoja ameukunja mfukoni, na kwamba kuutupa baada ya safari moja ya dukani kungemshangaza. Ulipofika kwetu ukapata jina la "rambo", la yule shujaa wa sinema za miaka ya 1980, ukaanza kutolewa bure. Kikapu kikabaki kutundikwa ukutani.

Majaribio ya kuuzuia hayakuanza 2019. Mwaka 2006 Makamu wa Rais wa wakati huo, Ali Mohamed Shein, alitangaza vita dhidi ya mifuko hiyo, na Zanzibar ikachukua hatua mwaka huohuo. Bara, agizo lilififia.

Lakini aliyetaka kujua yatakayotokea Tanzania alipaswa kuitazama Kenya. Huko marufuku ilianza Agosti 28, 2017, ikiwa na faini ya hadi Sh milioni 4 za Kenya. Ndani ya miezi michache masoko ya Nairobi na Mombasa yalikuwa yamejaa mifuko mipya ya rangi za kuvutia, myepesi, inayoonekana kama kitambaa. Haikuwa kitambaa. Ilikuwa polipropilini, plastiki ileile inayotengeneza viroba vya mchele. Mamlaka ya mazingira ya huko, NEMA, ilipoona mifuko mingi ni dhaifu kiasi cha kutupwa baada ya kutumika mara chache, ikaipiga marufuku kuanzia Machi 31, 2018. Wenye viwanda wakaja juu. Walikuwa wamenunua mashine kwa sababu serikali yenyewe iliwaambia watafute mbadala. Sasa mbadala nao unakatazwa kabla mashine hazijarudisha gharama.

Ugomvi ule ulikuwa na haki pande zote mbili. Mwenye kiwanda alikuwa na mkopo wa kulipa, na mamlaka ilikuwa inaiona mitaro ikianza kuziba upya. Asiyeonekana katika mabishano hayo ni fundi cherehani. Hakuwa na chama cha kumsemea wala mwanasheria. Mfuko wake wa pamba ulihitaji kukatwa, kukunjwa pindo na kushonwa, na usingeweza kushindana kwa bei na mfuko unaotoka kwenye mashine ukiwa umebandikwa vishikio kwa joto.

Tanzania ilikuwa na zaidi ya mwaka mzima wa kulitafakari somo hilo. Ilipofika zamu yake ikachagua njia ya kuruhusu kwa viwango: mfuko mbadala wa polipropilini ukubalike mradi uwe na uzito wa angalau gramu 70 kwa kila mita ya mraba. Ikawa kama ilivyokuwa kwa majirani. Mifuko myepesi kuliko kipimo ikamiminika, na wakaguzi wa baraza la mazingira, NEMC, na wa shirika la viwango, TBS, wakawa na kazi ya kuisaka madukani. Wauzaji wengine wakahamia kwenye vifungashio vyembamba vinavyoangaza, hadi Ummy Mwalimu, akiwa waziri mwenye dhamana ya mazingira, alipotangaza mwisho wa kuvitumia kama vibebeo kuanzia Aprili 2021. Tangu hapo kumekuwa na matangazo na misako ya hapa na pale.

Tofauti ya mfuko mbadala na ule wa pamba haihitaji maabara. Mfuko mbadala ukiusogeza machoni utaona vitone vidogo vilivyojipanga safu kwa safu; ni alama za joto lililozigandisha nyuzi za plastiki pamoja. Hauna mtande wala mshindio, kwa sababu haujafumwa. Chomoa uzi wa pamba uuwashe: utaungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Kipande cha polipropilini hujikunja, huyeyuka, kisha huganda kuwa kishanga kigumu. Jua nalo huudhoofisha mfuko huo, ukaanza kumeguka vipandevipande, na vipande hivyo huishia kwenye mtaro uleule wa rambo.

Mfuko wa kitambaa wa kushona nyumbani hauhitaji hata kitambaa kipya. Kipande kimoja cha kanga kuukuu kinatosha mfuko wenye tabaka mbili pamoja na mikanda yake. Yanakatwa mapande manne, kila moja lenye upana wa sentimita 40 na kimo cha 45, na anayejua kupanga huhakikisha pindo la kanga linakaa juu, mdomoni, ambako linapendeza. Mikanda hukatwa kwa upana wa sentimita 10 na urefu wa 60, ikakunjwa mara nne ili iwe minene. Pembe mbili za chini hushonwa kwa kukatiza, na hapo mfuko unapata kitako na kusimama wenyewe ukiwekwa mezani.

Mfuko hufia kwenye mkanda. Kilo tano za sembe hazichani kitambaa. Zinang'oa mshono mahali mkanda ulipoungana na mdomo. Fundi mzuri hashoni mstari mmoja hapo. Hushona mraba mdogo, kisha akaupitisha msalaba katikati, pembe kwa pembe, na kurudi nyuma mwisho wa kila mstari. Cherehani ya miguu, Singer au Butterfly, inaimudu kazi hiyo bila umeme. Asiye na cherehani atatumia sindano na uzi mara mbili, na itamchukua muda mrefu zaidi.

Kutumia kanga kuukuu kuna maana kubwa kuliko kubana matumizi. Wakala wa Mazingira wa Uingereza ulichapisha mwaka 2011 utafiti uliowashtua wapenzi wa mifuko ya pamba: kwa athari zake kwa joto la dunia, mfuko mpya wa pamba unapaswa kutumika mara 131 ndipo uwe bora kuliko mfuko mmoja wa nailoni uliotumika mara moja na kutupwa. Wa polipropilini ulihitaji mara 11. Wapo wanaoishika hesabu hiyo kuutetea mfuko mbadala. Lakini kipimo kile ni cha gesi joto. Hakipimi mtaro uliozibwa Jangwani wala ng'ombe aliyekula mfuko. Pia kinahesabu pamba iliyolimwa, ikafumwa na kusafirishwa kwa ajili ya mfuko huo. Kanga iliyokwisha kuvaliwa miaka mitano imeshalipia gharama hiyo. Na hata kwa marekani mpya, anayekwenda sokoni mara mbili kwa wiki hufikisha safari 131 katika mwaka mmoja na miezi mitatu hivi, na mfuko ulioshonwa vizuri huishi zaidi ya hapo.

Inasikitisha kwamba pamba ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza bado kwa sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa marobota, huku mama wa Kariakoo akiuziwa plastiki yenye sura ya kitambaa. Lebo ya mfuko ingepaswa kumwambia mnunuzi waziwazi anashika pamba, katani au polipropilini. Kwa upande wa mtaji wa mafundi, halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na vikundi vya ushonaji vimo miongoni mwa waombaji. Lakini mkopo bila mteja ni deni tu. Mteja wa kwanza angeweza kuwa serikali yenyewe: mifuko ya semina, ya makongamano na ya mabanda ya Sabasaba, ambayo mingi sasa ni polipropilini yenye nembo, ikishonwa kwa marekani mitaani ingewapa mafundi kazi katika ile miezi ambayo sare za shule hazishonwi.