Nani Alicheka na "The General", na Lini

Februari 1927, ukumbi wa Capitol mjini New York ulianza kuonyesha sinema mpya ya Buster Keaton. Ilikuwa imechelewa wiki kadhaa. Sinema iliyoitangulia pale, Flesh and the Devil ya Greta Garbo, ilikuwa bado inajaza viti, na mwenye ukumbi gani ataondoa sahani mezani wakati watu bado wanakula? Hatimaye zamu ya Keaton ikafika. Ikakaa wiki moja, ikaondoka.

Wahakiki hawakuificha hasira yao. New York Times waliandika kwamba haifikii kazi zake za nyuma. Variety wakasema waziwazi kuwa imeanguka. Lakini aliyenivutia mimi ni Robert Sherwood, aliyekuwa akiandikia jarida la vichekesho la Life. (Si lile Life la picha wanalolijua wengi, jina hilo lilinunuliwa baadaye, mwaka 1936.) Sherwood alikuwa shabiki wa Keaton. Safari hii alilalamika kuwa mtu hawezi kuchekeshwa na kuona wanaume wakiuawa vitani, na kwamba ilipaswa atokee mtu wa kumwambia Keaton hivyo mapema.

Leo The General inatajwa kila inapotengenezwa orodha ya komedi bora za sinema bubu. Ni rahisi kuwacheka wale wahakiki, kusema walikuwa vipofu, tukaendelea na maisha. Mimi nadhani waliona kitu. Ila walichokiona ni nusu tu.

Kwanza kisa chenyewe. Tarehe 12 Aprili 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kikundi cha wapelelezi wa Kaskazini wakiongozwa na James Andrews walipanda treni huko Georgia wakijifanya abiria wa kawaida. Treni iliposimama kituo cha Big Shanty ili watu wapate kifungua kinywa, wakaiba injini iliyoitwa General na kuelekea kaskazini, nia yao kung'oa reli na kuchoma madaraja njiani. Kondakta wa treni, William Fuller, akaacha chai yake akaanza kuwafukuza. Kwa miguu! Baadaye akapata kiberenge cha kusukuma kwa mkono, kisha injini moja, kisha nyingine. Akawapata. Andrews na wenzake saba walinyongwa. Mwaka uliofuata baadhi ya waliosalimika wakawa watu wa kwanza kabisa kupewa Nishani ya Heshima, ambayo hadi leo ndiyo ya juu kuliko zote katika jeshi la Marekani.

Keaton alipenda sana treni, na habari hii ilikuwa kama imeandikwa kwa ajili yake. Akamgeuza kondakta kuwa dereva, Johnnie Gray, kijana mwenye mapenzi mawili: injini yake na msichana aitwaye Annabelle Lee. Johnnie anaenda kujiandikisha jeshini, anakataliwa kwa kuwa dereva ana faida zaidi akibaki kwenye reli, lakini hakuna anayemwambia sababu hiyo. Annabelle anamwona mwoga. Halafu injini inaibwa, na Annabelle yumo ndani ya behewa.

Kuanzia hapo ni mbio tu, kwenda na kurudi. Sijui nielezeje vituko vya reli kwa maandishi bila kuviua, lakini kimoja nitajaribu. Maadui wanatupa mataruma juu ya njia ili injini ya Johnnie ianguke. Yeye anashuka, anakimbia mbele ya treni inayotembea, analinyanyua taruma la kwanza, na injini inamzoa kutoka nyuma hadi anakaa kwenye wavu wa mbele akiwa amelikumbatia lile gogo. Mbele kuna jingine, limelala reli moja tu, ncha yake imening'inia. Anapima kwa macho. Analirusha la mkononi, linaipiga ile ncha, yote mawili yanaruka pembeni. Uso wake haujabadilika hata kidogo. Hakuna mtu wa kumbadili pale, hakuna waya. Angekosa, tungekuwa tunasimulia msiba. Kuna mahali pengine ameketi kwa huzuni juu ya ule mtaimbo unaounganisha magurudumu, injini inaanza kutembea, naye anapanda na kushuka kama mtoto kwenye bembea bila kutambua. Laiti magurudumu yale yangeteleza na kuzunguka ghafla, Keaton angekufa palepale.

Yote haya aliyapigia picha Oregon mwaka 1926, jirani na mji wa Cottage Grove, kwa injini halisi na mamia ya askari wa akiba wa jimbo. Inasimuliwa kuwa walivaa sare za kijivu wakapita upande mmoja, wakabadili wakavaa za buluu wakapita upande wa pili. Daraja linaloungua lilikuwa daraja kweli, na injini iliyotumbukia mtoni ilikuwa injini kweli. Picha hiyo moja iligharimu dola 42,000, na watu wa vijiji vya jirani walikuja kwa maelfu kuitazama ikipigwa. Mabaki ya injini yalibaki mtoni hadi Vita Kuu ya Pili, vyuma chakavu vilipohitajika. Gharama ya sinema nzima hukadiriwa kuwa dola 750,000. Marekani iliingiza kama 474,000. Mwaka 1928 Keaton, akiwa hana tena uhuru wake wa zamani, alihamia studio ya MGM, hatua ambayo mwenyewe aliijutia baadaye. Mwaka 1933 wakamfukuza. Ulevi ulikuwa umeshamkamata.

Sasa turudi kwa Sherwood. Karibu na mwisho kuna mapigano mtoni, na Johnnie, aliyepata koti la kijeshi na upanga, anajifanya ofisa wa mizinga. Anamwamuru mshika mzinga wa kwanza. Mdunguaji aliyejificha anampiga risasi. Anamgeukia wa pili, anaanguka. Wa tatu, vilevile. Johnnie anashangaa mbona kila anayempa amri analala. Kisha anauchomoa upanga kwa mbwembwe, bapa linachomoka kwenye mpini, linaruka na kumkita yule mdunguaji mgongoni. Ni mchezo uliopangwa kama saa. Lakini wale wanaoanguka hawainuki tena wakijipangusa vumbi, kama ilivyo kawaida ya komedi za aina hii. Wamekufa.

Sherwood alikuwa amepigana Vita Kuu ya Kwanza katika kikosi cha Kanada, akajeruhiwa. Mwaka 1927 ilikuwa imepita miaka tisa tu tangu bunduki zinyamaze. Katika ule ukumbi wa Capitol bila shaka walikuwemo wanaume waliowahi kuona mwenzao akilala ghafla vilevile, katikati ya sentensi. Kuwaambia hawa kwamba walikosa ucheshi ni utovu wa adabu, nasema hivyo bila kupepesa.

Waliokuja kucheka ni wengine. Mwaka 1949 James Agee aliandika makala ndefu, safari hii katika Life lile la picha, akiwakumbusha Wamarekani wachekeshaji wao wa enzi bubu. Nakala zilizosahaulika zikaanza kupatikana na kuzunguka tena. Mwaka 1962 Keaton mwenyewe aliizungusha The General Ujerumani, watu wakajaa. Mwaka 1965, katika tamasha la Venice, ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi. Miezi michache baadaye, Februari 1966, alifariki. Mwaka 1972 wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka The General miongoni mwa filamu kumi bora za wakati wote. Kizazi hiki kilikuwa kimekulia chini ya bomu la nyuklia na kilishazoea kucheka na kifo. Ofisa anayetoa amri za kipuuzi huku watu wakifa kando yake kilimtambua mara moja.

Sawa. Lakini mbona tunazungumzia maiti tu?

Wale mashujaa halisi wa mwaka 1862, walionyongwa na waliopewa nishani, ndani ya filamu hii ni wezi. Shujaa wetu ni mtu wa Kusini, na Kusini ilikuwa inapigania kubaki na watumwa. Hata hivyo utumwa hautajwi popote katika maandishi ya kwenye skrini. Keaton aliulizwa kuhusu jambo hili, na jibu lake lilikuwa la kibiashara: watazamaji watakubali adui akiwa mtu wa Kaskazini, ila akiwa wa Kusini hawatakubali, kwani Kusini ilishashindwa, na watu huwaonea huruma walioshindwa. Hakubuni fikra hiyo. Ndiyo iliyokuwa hewani Marekani nzima, miaka kumi na miwili tu baada ya The Birth of a Nation kuwafanya Ku Klux Klan wakombozi. Watazamaji wa 1927, ambao wasingesamehe maiti kwenye komedi, walimsamehe Johnnie bendera yake bila hata kuombwa.

Mwaka jana niliionyesha nyumbani, kwenye ukuta wa sebule, kwa wadogo zangu na mama mmoja jirani. Maandishi nikayatafsiri kwa sauti, nikawa kama DJ Afro asiye na kipaji. Kwenye mataruma walicheka hadi mama jirani akaomba nirudishe nyuma. Annabelle alipotia motoni kijiti chembamba kama njiti ya meno, na Johnnie akamkaba koo kisha akambusu, alisema, "Ndoa hiyo." Halafu Johnnie akanyanyua bendera juu ya jiwe. Mdogo wangu wa mwisho, aliyeijua bendera ile kutokana na habari za Marekani kwenye simu yake, akauliza: "Kaka, hivi huyu yuko upande gani?" Nikamweleza. Akasema, "Aa. Kumbe." Hakuondoka, lakini mwili wake ulirudi nyuma kwenye kochi.

Lile jiwe, kwa taarifa yako msomaji, si jiwe. Ni ofisa aliyeinama. Anainuka, na shujaa na bendera yake wanabiringika chini. Mdogo wangu alicheka tena hapo, na pengine kicheko hicho ndicho kilichokuwa halali kuliko vyote jioni ile.

Wapo wanaosema Keaton hakujali upande wowote, kwamba alitaka treni tu, na kwamba majemadari wa pande zote mbili wanaonekana wajinga. Ni kweli wanaonekana wajinga. Mimi hata hivyo siwezi kusema upande haujalishi. Sisi wa pwani hii tuna maneno yetu ya kununuliwa na kuuzwa, na soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, miaka kumi na moja baada ya mbio za Andrews. Wala sikubali ile dawa ya kubadilisha sare tu. Disney walishajaribu. Mwaka 1956 walitoa The Great Locomotive Chase, kisa hikihiki kutoka upande wa Kaskazini, kwa heshima zote. Haichekeshi, na wala haisemi juu ya utumwa kitu ambacho ningekiweka akilini.

Mwaka 2022 Sight and Sound waliuliza tena. The General ilikuwa imeshuka mpaka nafasi ya 95, ikigawana nafasi hiyo na filamu nyingine kadhaa. Mojawapo ni Get Out, ya mchekeshaji aliyegeukia filamu za kutisha, Jordan Peele, juu ya weupe wanaonadi miili ya weusi. Nyingine ni La Noire de... ya Ousmane Sembène, ya mwaka 1966, mwaka aliokufa Keaton: msichana wa Dakar anapelekwa Ufaransa kulea watoto, akifika anageuzwa mtumishi wa ndani asiye na pa kutokea. Wapiga kura hawakukaa chumba kimoja kupanga hilo. Ni hesabu tu zimelingana. Nimeshawaahidi walewale wa sebuleni kwamba zamu inayofuata ni ya Sembène. Mama jirani ameuliza kama nayo ina treni. Nimemwambia ina meli.