Fyuzi Juu ya Meza

Kiwanda kinapounguruma kila mtu hujihadhari. Magurudumu yanaonekana yakizunguka, mvuke unasikika ukipuliza, na hata mtoto mdogo hujua kwamba hapo si mahali pa kusogelea. Lakini siku kinapozimwa kwa ajili ya matengenezo, kelele hunyamaza, milango ya mitambo hufunguliwa, na watu huingia mpaka ndani ya matumbo yake wakiwa na nyundo na spana. Hapo ndipo, msomaji wangu, hatari ya pili inapoanza, nayo huwapata watu wakiwa wametulia.

Mimi si mhandisi. Nimeshika chaki maisha yangu yote, tangu nilipotoka chuo cha ualimu mpaka nilipostaafu nikiwa mkuu wa shule. Nayaandika haya kwa sababu jambo lenyewe lilinifika mlangoni, na kwa sababu ilinichukua miaka mingi kulielewa.

Katika miaka ya 1980 niliongoza shule ya sekondari iliyokuwa jirani na kiwanda cha sukari. Miwa haisagwi mwaka mzima. Masika yanapoingia mashamba hujaa maji, magari hukwama, na kiwanda hufungwa. Hiyo miezi ya mvua ndiyo ya matengenezo: vinu vya kukamulia hufunguliwa, mabomba ya boila hukwanguliwa kutu na ukoko, minyororo iliyolegea hubadilishwa. Kazi huwa nyingi na muda mfupi, hivyo vibarua huajiriwa kwa mkupuo. Vijana wetu waliokuwa wakisubiri matokeo ya kidato cha nne waliona hiyo kuwa neema.

Mmoja wao, aliyekuwa kiranja wa bweni, alinijia kuniomba barua ya kumtambulisha. Nilimwandikia kwa mkono wangu kwamba ni mtiifu na hachagui kazi. Yote mawili yalikuwa kweli.

Katika wiki yake ya pili alipelekwa na wenzake wawili chini ya kibebeo cha miwa, ule mnyororo mrefu wenye vibao vya chuma unaopandisha miwa kwenye vinu, ili wasafishe makapi yaliyoganda. Fundi umeme wa zamu ya asubuhi alikuwa ameng'oa fyuzi za mota na kuziweka juu ya meza katika chumba cha swichi. Alimwambia mwenzake kwa mdomo, "Usiwashe, kuna watu chini." Saa 8 mchana zamu zilipokezana, na wote wawili wakaenda zao. Fundi wa zamu ya mchana alipoingia, msimamizi mwingine alimwagiza aijaribu mota ile ile, kwa kuwa ilikuwa imetengenezwa upya siku iliyotangulia. Fundi aliziona fyuzi mezani. Alidhani zilitolewa kwa ajili ya matengenezo ya mota. Akazirudisha mahali pake, akabonyeza kitufe.

Mnyororo ulitembea hatua chache tu. Wenzake wawili waliruka. Kijana wangu alipoteza mguu wa kulia, chini ya goti.

Wiki ile ile fundi alifukuzwa kazi. Alikuwa na binti kidato cha pili shuleni kwangu. Alikuja ofisini kuomba barua ya uhamisho ili arudi naye kwao, na kabla sijatia sahihi alisema, "Mwalimu, hakuna aliyeniambia." Nilimjibu kwamba Mungu alimpa macho. Hakusema neno jingine. Nikatia sahihi, akaondoka na mtoto wake.

Julai 1988 nilisikia redioni habari za jukwaa la mafuta lililoungua katika Bahari ya Kaskazini. Nilisikitika kama mtu anavyosikitika kwa msiba wa mbali. Miaka michache baadaye mwalimu mwenzangu aliyetoka masomoni Uingereza alinipa makala ndefu iliyoeleza matokeo ya uchunguzi. Nilipofika katikati niliiweka chini, maana niliziona fyuzi zangu mezani.

Jukwaa hilo liliitwa Piper Alpha, na lilikuwa kiasi cha kilomita 190 kutoka Aberdeen, Uskoti. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 lilikuwa na watu 226. Kazi nyingi za matengenezo zilikuwa zikiendelea huku mafuta na gesi vikiendelea kupita. Kulikuwa na pampu mbili za kusukuma mafuta mepesi yanayotoneshwa na gesi: moja ilifanya kazi, ya pili ilikuwa imesimamishwa ili itengenezwe. Mchana wa siku hiyo mafundi waliitoa vali ya usalama ya pampu iliyosimamishwa ili waikague. Mahali pake waliziba kwa kifuniko cha chuma. Kazi haikwisha kabla ya jioni, hivyo vali haikurudishwa.

Vilikuwapo vibali viwili vya maandishi, kimoja cha pampu na kimoja cha vali. Saa 12 jioni zamu zilipokezana. Waliokuja usiku walijua habari ya pampu. Habari ya vali hawakuwa nayo. Kibali cha vali kilihifadhiwa katika ofisi nyingine, na yule aliyesimama penye pampu hakuweza kuiona nafasi ya vali, kwa kuwa ilikuwa juu, sakafu nyingine. Yapata saa 4 kasoro robo usiku pampu iliyokuwa ikifanya kazi ilizimika na kukataa kuwaka. Bila pampu jukwaa zima lingekosa nguvu. Watu wale walitafuta, wakakiona kibali cha pampu, wakaona kwamba matengenezo yake makubwa hayajaanza, wakaamua kuiwasha. Gesi ikachuruzika penye kile kifuniko. Saa 4 usiku ulitokea mlipuko wa kwanza.

Pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimewekwa ziwashwe kwa mkono, kwa sababu wapiga mbizi walikuwa wakifanya kazi majini na ilihofiwa wasije wakavutwa na maji. Baada ya mlipuko hakuna aliyeweza kuzifikia. Majukwaa mawili jirani yaliendelea kusukuma mafuta na gesi kwa muda, na bomba kubwa la gesi lilipopasuka kiasi cha dakika 20 baadaye, moto ukawa hauna mwenyewe. Wengi walifia katika nyumba ya kulala, wakingoja amri ya kuondoka ambayo haikuja; moshi ndio uliowaua. Waliokufa walikuwa 167, wakiwamo waokoaji wawili.

Serikali ya Uingereza ilimpa kazi ya uchunguzi Jaji Cullen wa Uskoti. Ripoti yake ilitoka Novemba 1990 ikiwa na mapendekezo 106, na yote yalikubaliwa. Kilichonigusa ni namna alivyouliza. Hakuridhika kujua ni mkono wa nani uliobonyeza kitufe. Aliuliza kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliyejua kazi yake, alibonyeza akiamini kwamba anafanya sawa. Aliuliza karatasi zilihifadhiwa wapi, nani alimkabidhi nani, na wakubwa walikagua mara ngapi kama taratibu zilizoandikwa zinafuatwa. Nilipoyasoma hayo nilikumbuka jibu langu la macho, na niliona haya.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za namna hii, kama mzee mwingine anavyofuatilia mpira. Huko Flixborough, Uingereza, kiwanda cha kemikali kilizimwa Machi 1974 baada ya tangi moja kati ya sita kuonekana na ufa. Tangi likatolewa, na bomba la muda likawekwa kuunganisha matangi yaliyobaki. Mchoro wake ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Siku chache tu baadaye kiwanda kikawashwa. Tarehe 1 Juni bomba lile lilikatika, na watu 28 wakafa. Nimechora vitu vingi kwa chaki maishani mwangu, lakini hakuna mtu aliyeweka roho yake juu ya mchoro wangu.

Bhopal, India, Desemba 1984, kiwanda hakikuwa kikizalisha ile sumu iliyoua maelfu. Ilikuwa imekaa tu tangini. Na mtambo wa kuipoza sumu hiyo ulikuwa umezimwa, na mnara wa kuichoma ikivuja ulikuwa umetenganishwa ukingoja matengenezo. Walinzi walipewa likizo huku mwizi akiwa bado ndani.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya zamani. Tarehe 23 Machi 2005, huko Texas City, Marekani, sehemu ya kiwanda cha kusafishia mafuta ilikuwa ikiwashwa baada ya matengenezo. Mnara wenye urefu wa zaidi ya mita 50 ulijazwa kupita kiasi, huku kipimo kikionyesha kwamba mafuta yanapungua. Mafuta yalimwagika, mvuke wake ukashika moto. Waliokufa ni 15, nao wote walikuwa ndani au karibu na vibanda vya muda vya makandarasi waliokuja kwa matengenezo ya sehemu nyingine kabisa. Hawakuambiwa kwamba jirani yao anawashwa.

Msomaji ataona kwamba katika visa hivi chuma hakikuwa na hila. Mtambo ni ule ule. Kinachobadilika wakati wa matengenezo ni watu: wageni ni wengi, zamu ni ndefu, kila kundi lina kazi yake, na kila mmoja anajua kipande chake tu. Hatari hukaa katika nafasi kati ya kipande cha huyu na kipande cha yule.

Wenye viwanda wamejifunza namna ya kuiziba nafasi hiyo, na dawa yenyewe ni rahisi kuieleza. Kila mtu anayeingia ndani ya mtambo huweka kufuli lake mwenyewe kwenye swichi kuu, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Wakiingia watu watano, makufuli ni matano, na mtambo hauwezi kuwaka mpaka wa tano atoke. Juu ya kufuli huning'inizwa kibao chenye jina lake. Kisha, kabla ya kuingia, kitufe hubonyezwa kwa makusudi ili kuhakikisha kwamba hakuna kinachotikisika. Mvuke na mgandamizo navyo hutolewa, na kitu kizito kilichoinuliwa hushushwa au hutegemezwa. Anayeingia tangini hupimiwa hewa kwanza, na mwenzake hubaki mlangoni bila kazi nyingine yoyote. Marekani waliyaweka makufuli hayo katika kanuni mwaka 1989. Kwetu Tanzania ipo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na upo wakala wa kuisimamia. Sheria ni njema, lakini kufuli halijifungi lenyewe. Msimamizi anayekimbizana na siku ya kuwasha huliona kuwa linamchelewesha, na kibarua mtiifu asiyechagua kazi haulizi.

Mimi niliyafanyia kazi mafunzo haya mahali nilipoweza. Shuleni tulikuwa na mwalimu wa zamu, na makabidhiano yalikuwa maneno matatu Ijumaa mchana: "Mambo yote salama." Ijumaa moja mfuniko wa kisima ulikuwa umeondolewa ili kisafishwe, na aliyepokea zamu hakujua. Tulibahatika kwamba mpishi alikiona kabla ya giza. Kuanzia wiki iliyofuata nilitaka walimu wawili, anayetoka na anayeingia, wazunguke shule nzima pamoja, kisha watie sahihi wote kwenye kitabu cha zamu. Walilalamika kwamba nawachosha. Nami niliacha kuwafundisha wanafunzi kwamba utii peke yake ni sifa. Niliwaambia kwamba mtu akitumwa kuingia mahali asipopajua, kuuliza swali si utovu wa adabu.

Kijana wangu alijifunza ushonaji, na mpaka leo ana duka lake na mafundi wanne. Alipokuja kunisalimu nilipostaafu, aliniuliza kama najua alikokwenda yule fundi. Nilimwambia sijui.

Miaka kadhaa baadaye nililazwa hospitali moja ya mkoa kwa ajili ya shinikizo la damu. Muuguzi mkuu wa wodi alisoma jina langu kwenye kadi, akaniangalia kwa muda, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mimi nilikuwa kidato cha pili kwako." Niliitikia, kisha nikamuuliza habari za baba yake. Alikuwa amefariki mwaka uliopita. Hakupata tena kazi ya umeme. Alilima mpaka mwisho.

Nilimweleza yote niliyomweleza msomaji hapa: meza, fyuzi, zamu, na lile jukwaa la baharini. Nilimwambia kwamba baba yake alisema kweli siku ile ofisini, kwamba hakuna aliyemwambia, na kwamba mimi nilipaswa kumsikiliza na kuipeleka habari yake kwa wakubwa wa kiwanda, nikafanya kinyume. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Akasema, "Baba alilisema neno hilo mpaka anakufa." Kisha akanishika mkono, akanipima shinikizo la damu, akaliandika kwenye karatasi, na zamu yake ilipokwisha nilimwona amesimama kando ya kitanda changu pamoja na muuguzi anayeingia, akimsomea karatasi ile mstari kwa mstari.