Kulinganisha silinda hedi na kamshafti

Kulinganisha silinda hedi na kamshafti ni kazi ya kuhakikisha, wakati wa ukarabati mkubwa wa injini, kwamba hedi inaweza kubeba mwinuko wa valvu unaoletwa na kamshafti mpya. Huhitajika hasa pale kamshafti ya kiwandani inapoondolewa na kuwekwa nyingine yenye nundu ndefu zaidi ili injini ipate nguvu. Kamshafti ya namna hiyo ikifungwa bila kupimwa, springi zinaweza kubanana, sili za valvu kupondeka, au valvu kugonga pistoni. Valvu ikikatika kichwa ndani ya silinda, pistoni, hedi na hata bloku huharibika kwa sekunde chache.

Mfano unaotumika hapa zaidi ni injini ndogo ya V8 ya Chevrolet ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1955. Injini hii ina kamshafti moja ndani ya bloku. Nundu ya kamshafti husukuma tapeti, tapeti husukuma pushirodi, na pushirodi huinua upande mmoja wa roka ili upande wa pili ufungue valvu.

Mwinuko na uwiano wa roka

Mwinuko wa valvu si sawa na mwinuko wa nundu. Roka ni wenzo, nayo huzidisha mwendo. Kwenye injini hii uwiano wa kiwandani ni 1.5, kwa hiyo nundu yenye mwinuko wa milimita 7.62 huinua valvu milimita 11.43. Fundi akibadilisha roka tu na kuweka za uwiano wa 1.6, nundu ileile itainua valvu milimita 12.19. Tofauti hiyo ya robo tatu ya milimita inaonekana ndogo, lakini kwa hedi nyingine inatosha kuvuka mpaka wa usalama.

Mfano wa hedi za Vortec

Kuanzia 1996 injini ya lita 5.7 ya pikapu na magari makubwa ya Chevrolet, yenye alama L31, ilitoka na hedi za chuma zinazoitwa Vortec. Zina chumba cha mwako cha sentimita za ujazo 64 hivi na valvu za kipenyo cha inchi 1.94 kwa hewa na 1.50 kwa moshi. Kwa kuwa hewa hupita vizuri ndani yake, watu wengi huzitoa kwenye magari yaliyokufa na kuzifunga kwenye injini za zamani.

Tatizo lake liko juu ya mwongozo wa valvu. Valvu inapofunguka, kisahani kinachoshikilia springi hushuka kuelekea sili iliyovikwa kwenye mwongozo huo. Kwenye hedi za Vortec nafasi hiyo ni fupi, na mafundi huchukua kiasi cha inchi 0.460 hadi 0.470, yaani milimita 11.7 hadi 11.9, kuwa kikomo cha mwinuko bila marekebisho. Kamshafti ya mfano wa hapo juu inafaa ikiwa na roka za 1.5, na haifai ikiwa na za 1.6. Kisahani kikigonga sili, sili hupasuka na injini huanza kula oili. Kikigonga mwongozo wenyewe, pushirodi hupinda au roka huvunjika.

Dawa yake ni kuchonga mwongozo ufupike na kuvika sili nyembamba zaidi, au kutumia visahani vya umbo jingine. Nafasi ya kuachwa kati ya kisahani na sili, valvu ikiwa imefunguka kabisa, ni milimita 1.3 hadi 1.5. Inafaa kupima kila valvu, kwani hedi iliyowahi kukarabatiwa huenda ina valvu zilizozama kwenye siti zake kwa viwango tofauti.

Studi za roka za Vortec zimepigwa kwa kubana tu, hazina hesi ndani ya hedi. Springi ngumu zinaweza kuzing'oa polepole. Roka zake pia zina kingo zinazozishika zisiteleze pembeni mwa ncha ya valvu. Mtu akifunga roka za kawaida bila sahani za kuongoza pushirodi, zitatoka njiani. Akifunga sahani hizo pamoja na roka zenye kingo, viwili hivyo vitavutana na kulana.

Springi

Kila springi ina urefu wake inapofungwa na urefu wake koili zote zinapogusana. Tuseme springi imefungwa ikiwa na milimita 43.2 na koili hugusana kwenye milimita 29.2. Mwendo wote ni milimita 14.0, ukiacha milimita 1.5 za usalama, mwinuko usizidi 12.5. Springi za kiwandani mara nyingi hazina akiba kubwa, ndiyo maana kamshafti mpya huuzwa pamoja na springi zilizopendekezwa na mtengenezaji.

Nguvu ya springi ni jambo jingine. Ikiwa laini mno, valvu hushindwa kuifuata nundu injini inapokimbia, huelea na kuchelewa kufunga. Ikiwa ngumu mno, nundu hulika, hasa kwa tapeti bapa zisizo na rola. Tapeti hizo hutegemea viungo vya zinki na fosforasi katika oili, na oili nyingi za kisasa zimepunguziwa viungo hivyo ili kulinda vichujio vya moshi.

Valvu na pistoni

Wengi hudhani valvu hukaribia pistoni zaidi inapokuwa wazi kabisa. Sivyo. Valvu ya hewa hufika kilele nyuzi 110 hivi baada ya pistoni kufika juu, wakati pistoni imekwisha kushuka zaidi ya theluthi mbili ya mwendo wake. Hatari iko karibu na nyuzi 10 kabla ya kilele cha pistoni kwa valvu ya moshi, na nyuzi 10 hivi baada yake kwa valvu ya hewa, valvu zote mbili zikiwa wazi kidogo. Kwa hiyo muda wa kufunguka na mpangilio wa cheni ya taimingi huamua zaidi kuliko mwinuko wenyewe. Kamshafti ndefu ya mwinuko wa wastani inaweza kugonga pistoni pale ambapo fupi ya mwinuko mkubwa inapita salama.

Kipimo cha zamani bado kinafanya kazi: kubandika udongo laini wa kuchezea juu ya pistoni, kuupaka oili, kufunga hedi kwa gasketi iliyokwisha kutumika, kuzungusha krankshafti kwa mkono mizunguko miwili, kisha kufungua na kukata udongo ili kupima sehemu nyembamba kabisa. Tapeti za haidroliki zisitumike katika kipimo hiki kwa kuwa husinyaa na kutoa jibu la uongo. Huwekwa tapeti ngumu kwa muda. Kiwango kinachokubalika ni milimita 2 kwa valvu ya hewa na 2.5 kwa ya moshi, ambayo hupata joto zaidi na kurefuka. Hedi iliyosagwa uso au gasketi nyembamba hupunguza nafasi hiyo.

Urefu wa pushirodi pia hubadilika. Tapeti za rola za L31 ni ndefu kuliko tapeti bapa, hivyo pushirodi zake zina takriban milimita 183 badala ya 198.

Mtiririko wa hewa

Kufunga bila kugongana hakutoshi. Kwa hesabu ya jiometri, nafasi inayozunguka valvu iliyofunguka hulingana na eneo la uso wake mwinuko unapofika robo ya kipenyo. Kwa valvu ya inchi 1.94 hiyo ni milimita 12.3. Kupita hapo, njia ya hewa ndani ya hedi ndiyo inayobana. Hata hivyo valvu hupita kila mwinuko wa chini mara mbili na kilele mara moja tu, kwa hiyo mwinuko mkubwa husaidia pia kwa kuiharakisha valvu kufika pale ambapo hedi inapitisha vizuri.

Injini zenye kamshafti juu

Kwenye injini kama Toyota 4A-GE nundu husukuma tapeti za kikombe moja kwa moja, bila roka, na mwinuko wa nundu ndio mwinuko wa valvu. Vipimo vya springi, sili na pistoni hubaki vilevile. Linaloongezeka ni kwamba katika toleo la valvu 16 shimu za kurekebishia nafasi hukaa juu ya kikombe, na kamshafti kali inaweza kuzirusha nje. Wanaofunga kamshafti za namna hiyo hubadilisha vikombe na kuweka vile ambavyo shimu hukaa chini yake.