Stesheni ya Tosu

Stesheni ya Tosu ni makutano ya reli katika mji wa Tosu, mkoa wa Saga, kisiwani Kyushu, kusini-magharibi mwa Japani. Hapa ndipo Reli Kuu ya Kagoshima, inayoshuka kusini kutoka bandari ya Moji, inapoachana na Reli Kuu ya Nagasaki, inayoelekea magharibi. Stesheni iko kilomita 28.6 kutoka Hakata, stesheni kuu ya jiji la Fukuoka, na kilomita 125.3 kutoka Nagasaki. Mwendeshaji wake ni kampuni ya JR Kyushu. Mji wa Tosu una wakazi 70,000 na ushei, na umekua kwa kuizunguka stesheni hii.

Historia

Eneo hili lilikuwa njia panda kabla ya kuja kwa reli. Katika enzi ya Edo, barabara ya Nagasaki, iliyopitisha bidhaa za Waholanzi na Wachina, ilikuwa na vituo vya kulala wasafiri huko Tashiro na Todoroki, ambavyo leo vimo ndani ya mji. Tashiro ilisifika kwa wachuuzi wa dawa waliopita nyumba kwa nyumba. Kampuni ya dawa ya Hisamitsu, watengenezaji wa plasta za Salonpas, ilianzia huko mwaka 1847.

Stesheni ilifunguliwa tarehe 11 Desemba 1889, siku ilipoanza kazi reli ya kwanza ya Kyushu, kutoka Hakata hadi ukingo wa mto Chikugo. Iliyoijenga ni kampuni binafsi ya Reli ya Kyushu, ikishauriwa na mhandisi Mjerumani Hermann Rumschöttel. Upana wa njia ni milimita 1,067, kipimo kile kile kilichotumika baadaye kujenga TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia. Tarehe 20 Agosti 1891 tawi la Saga lilifunguliwa, na Tosu ikawa makutano. Serikali ilitaifisha reli hizo mwaka 1907. Umeme ulifika mwaka 1961, na mwaka 1987 shirika la reli la taifa lilipogawanywa, stesheni ikawa mali ya JR Kyushu.

Kwa miongo mingi kazi kubwa ya Tosu ilikuwa mizigo. Treni iliingia na mabehewa ya miji tofauti. Yakafunguliwa, kila moja likapelekwa kwenye njia ya wenzake wa safari moja, kisha yakaungwa upya kuwa treni nyingine. Kazi hiyo iliajiri watu wengi, na pembeni ya yadi ya kupangia mabehewa kulikuwa na karakana ya vichwa vya treni. Mwaka 1984 Japani iliacha mfumo huo nchi nzima, na yadi ikafungwa. Ukumbusho mmoja uliobaki karibu na stesheni ni kichwa cha mvuke namba 268, cha aina ya 230, kilichoundwa Osaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Jengo na majukwaa

Jengo la abiria ni la mbao, la ghorofa moja, la mwishoni mwa enzi ya Meiji, na mlango wake unatazama magharibi. Majukwaa ni matatu, kila moja likiwa na njia ya treni pande zote mbili, na abiria huvuka kwa kupita chini ya ardhi. Nguzo za paa la majukwaa ni vyuma vya reli kuukuu vilivyokunjwa na kuunganishwa, na ukizitazama kwa karibu bado unaona umbo la reli. Mpango wa kujenga stesheni mpya yenye mlango wa mashariki ulisitishwa mwaka 2018 kwa sababu ya gharama.

Chakula cha stesheni

Msafiri anayesubiri kubadili treni huona njaa, na Tosu ilijijengea sifa hapo. Mwaka 1913 ulianza kuuzwa wali wa boksi uliopikwa kwa supu ya kuku, ukapambwa juu kwa mistari ya nyama ya kuku iliyochambuliwa, mayai yaliyokatwa nyembamba na mwani. Kwenye majukwaa kuna vibanda vya kampuni ya Chuoken vinavyouza udon, yaani tambi nene za ngano katika mchuzi mwepesi, zenye vipande vya kuku vilivyopikwa kwa sosi ya soya na sukari, na majani ya kitunguu. Wateja hula wamesimama. Wapenzi wa chakula hiki hushikilia kwamba bakuli la jukwaa la njia namba 5 na 6 lina ladha zaidi kuliko mengine, ingawa mpishi ni kampuni ile ile.

Uwanja na reli ya kasi

Upande wa mashariki, kwenye ardhi ya yadi ya zamani, uwanja wa mpira wenye nafasi za watazamaji 24,000 hivi ulifunguliwa mwaka 1996. Ni nyumbani kwa timu ya Sagan Tosu. Mshambuliaji wa Hispania Fernando Torres alicheza hapo mechi yake ya mwisho tarehe 23 Agosti 2019. Daraja la waenda kwa miguu huvusha mashabiki juu ya reli.

Reli ya kasi ya Kyushu haikupita Tosu yenyewe. Ilipokamilika tarehe 12 Machi 2011, ilipewa stesheni mpya ya Shin-Tosu, inayofuata upande wa magharibi kwenye Reli Kuu ya Nagasaki. Wasafiri wa mbali wanaokwenda Kagoshima hutumia Shin-Tosu. Tosu imebaki na wale wanaosafiri kila siku: wafanyakazi na wanafunzi wa Fukuoka, Kurume na Saga, ambao treni zao bado zinagawana njia hapa.