Sinclair QL

Sinclair QL ilikuwa kompyuta ya nyumbani na ya ofisi ndogo iliyotolewa na kampuni ya Sinclair Research ya Uingereza mwaka 1984. Inakumbukwa hasa kwa sababu ilitangazwa na kuuzwa kabla haijawa tayari.

Uzinduzi

Mwanzilishi wa kampuni, Clive Sinclair, alikuwa ameshapata sifa kwa kompyuta za bei nafuu, yaani ZX81 (1981) na ZX Spectrum (1982). Kwa hiyo QL ilipotangazwa mjini London tarehe 12 Januari 1984, siku 12 kabla ya Macintosh ya Apple, wengi waliisubiri kwa hamu. Bei yake ilikuwa pauni 399. Ilitumia prosesa ya Motorola 68008, ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 128, na iliweza kuendesha programu kadhaa kwa wakati mmoja. Data ilihifadhiwa kwenye kaseti ndogo za utepe wa sumaku zilizoitwa Microdrive.

Kuchelewa

Wanunuzi waliagiza kwa posta na kulipa kabla, wakiahidiwa kupata mashine baada ya siku 28. Lakini mfumo wa uendeshaji ulikuwa bado haujakamilika. Mashine za kwanza zilitoka mwezi wa Aprili, na sehemu ya mfumo huo ilikuwa katika kifaa kidogo kilichochomekwa nyuma, kwa kuwa haukuenea ndani. Makosa mengi yalirekebishwa baadaye, lakini imani ya wanunuzi ilikuwa imepungua.

Mwisho

Mwaka 1986 kampuni ya Amstrad ilinunua biashara ya kompyuta ya Sinclair, na QL haikuendelezwa tena. Mmoja wa watumiaji wake alikuwa Linus Torvalds wa Ufini, aliyeanzisha Linux mwaka 1991.