Ultrasaundi, Kijazio na Mshipa

Mjamzito akirudi kutoka kliniki na kusema "nimepiga ultrasaundi", hakuna amwulizaye maana yake. Neno limeshaenea, na mwanaistilahi hana sababu ya kulifukuza. Angeweza kuunda sautimno, kwa mfano wa urujuanimno wa vitabu vya fizikia, kwa kuwa ni sauti iliyovuka uwezo wa sikio la binadamu, yaani mitetemo zaidi ya 20,000 kwa sekunde. Neno zuri la karatasini. Tuliache huko huko.

Siku hizi ultrasaundi imehamia usoni. Watu hudungwa sindano za kunenepesha midomo, kuinua mashavu au kunyoosha pua, na kinachoingizwa mara nyingi ni asidi ya hailuroni, dutu laini kama jeli. Wengine wataka kuiita fila, kwa kuiga filler ya Kiingereza. Hapo nasita, maana Kiswahili kina fila yake tangu zamani, ile isiyotangamana na lila. Nani atalipa pesa atiwe uovu usoni? Kijazio kinatosha. Kinaitaja kazi yake, na wingi wake, vijazio, hauna taabu.

Neno gumu hasa ni la kwetu wenyewe: mshipa. Mshipa ni wa damu, mshipa ni wa hisia, na kwa baadhi ya watu hata ngiri ni mshipa. Barazani tunaelewana. Katika maelezo ya sindano hii hatuwezi kuelewana hivyo, na ndiyo maana maneno ya darasa la baiolojia yanahitajika: ateri hupeleka damu kutoka moyoni, vena huirudisha, neva hubeba hisia na amri za ubongo. Kijazio kikiziba ateri, ngozi iliyokuwa ikilishwa nayo hupauka, huuma, na isipowahiwa hufa. Kuzunguka pua na katikati ya nyusi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu ateri ndogo za hapo zimeungana na matawi ya ateri ya jicho. Msukumo wa bomba la sindano unaweza kukirudisha kijazio nyuma, kinyume na mkondo wa damu, hadi kwenye retina. Mtu hupofuka papo hapo, na uoni haurudi kwa urahisi. Hutokea kwa nadra, lakini hutokea.

Ateri za uso hazipiti njia ile ile kwa kila mtu, hivyo kujua anatomia ya kitabuni hakutoshi; inafaa kuzitazama kwa ultrasaundi. Mashine ya tumbo hutumia takriban megahezi 2 hadi 5; ya uso huhitaji 15 au zaidi, kwani mawimbi yenye mitetemo mingi hivyo hayafiki mbali lakini huonyesha vitu vidogo vilivyo karibu na ngozi. Kipimo cha Doppler, chenye jina la Christian Doppler wa Austria aliyeieleza kanuni yake mwaka 1842, huongeza rangi: damu inayokijia kichwa cha mashine kwa kawaida huonekana nyekundu, inayokikimbia huwa bluu. Wengi hudhani nyekundu ni ateri na bluu ni vena. Sivyo, rangi huonyesha mwelekeo tu.

Daktari anaweza kuchora ramani ya ateri kabla ya kudunga, au kuitazama ncha ya sindano inapoingia. Mambo yakiharibika, faida ya ultrasaundi huonekana wazi: hailuronidasi, kimeng'enya kinachoyeyusha asidi ya hailuroni, hudungwa mahali penyewe palipoziba badala ya kumwagwa eneo zima kwa kubahatisha. Mwishoni mwa 2025, kwenye mkutano wa wataalamu wa radiolojia mjini Chicago, watafiti wakiongozwa na daktari kutoka Brazil waliwasilisha uchunguzi wa wagonjwa 100 waliopata madhara ya aina hii, na ultrasaundi ndiyo iliyoonyesha damu ilipokatika.

Basi tuuiteje utaratibu huu? "Sindano inayoongozwa na ultrasaundi" imeanza kutumika, nami siipendi: mashine haiongozi kitu, mkono wa daktari ndio unaoongoza. Udungaji kwa kutazama ultrasaundi ni jina refu kidogo, ila linasema ukweli.

Nawe unayefikiria sindano hii, kabla hujalala kitandani muulize mtoa huduma mambo mawili: hailuronidasi ipo hapa? Na ultrasaundi ipo, pamoja na mtu anayejua kuisoma? Akikosa la kwanza, ondoka.